Mbwa wa nyumbani naye apewe kazi ya kichwa

Kwetu Kasulu, na kwa mjomba kule Kibondo, mbwa ana kazi moja: kulinda usiku. Mchana anafungwa mnyororo chini ya mwembe. Sasa mnyama kama huyo akichomoka anafanya nini? Anakimbiza mbuzi wa jirani. Na mbwa anayekimbiza mbuzi kijijini hazeeki. Atapigwa rungu au atawekewa sumu, basi.

Ndiyo maana likizo ndefu ikifika huwa namchezesha wetu mchezo wa kuleta. Unatupa kitu, mbwa anakifuata, anakurudishia. Wengi wanadhani ni kumkimbiza tu mpaka achoke. Wapi! Ukimrushia vilevile kila siku unamwongezea pumzi, fujo zinabaki palepale.

Kwa hiyo badilisha. Anza karibu, hatua tano hivi, kwa kipande cha kamba nene ya katani kilichopigwa fundo. Akileta usimnyang'anye: mpe dagaa mmoja, ataachia mwenyewe. Akishazoea, mketishe kwanza, tupa, na asinyanyuke mpaka useme "leta". Hapo ndipo mbuzi wanapoanza kupona, maana anajifunza kuona kitu kinakwenda kasi na bado akatulia.

Ninaoupenda zaidi ni wa kuficha. Kamba unaifukia kwenye maganda ya maharage au nyuma ya migomba, yeye haoni, halafu unamtuma. Pua ya mbwa ina seli za kunusa zaidi ya milioni 100, sisi tuna kama milioni 6 tu, kwa hiyo usimwonee huruma ukamwonyesha. Mbwa wetu akinusa dakika 10 namna hiyo analala mwenyewe, bila mnyororo.

Kwa milima yetu, rusha kuelekea juu. Akiteremka mbio halafu akasimama ghafla, uzito wote unaangukia miguu ya mbele. Kijiti kinaweza kumchoma kooni, jiwe linavunja meno. Gunzi la mahindi ndilo baya kabisa: akilimeza linaziba utumbo, na hapo ni kupasuliwa. Ndala nazo usithubutu. Kesho atakuletea za wageni.

Kabla ya yote uliza nyumbani kama amechanjwa kichaa cha mbwa, maana mkono wako utakuwa karibu na meno yake kila siku, na wadogo zako watakuiga. Kama hakuna anayekumbuka, nenda kwa afisa mifugo wa kata kwanza, kamba ya katani baadaye.