Neno "Harambee" katika Sheria ya Uchaguzi: Mfano wa Kisii na Nyamira

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika sheria za Kenya zilizoandikwa kwa Kiingereza, "harambee" lina uzito wa pekee. Neno hili limo katika nembo ya taifa, na Jomo Kenyatta alilieneza kuwa wito wa kuchangiana. Hata hivyo, Kifungu cha 26 cha Sheria ya Uchaguzi ya 2011 kinalitaja kwa onyo: anayeshiriki harambee kwa namna yoyote, yeye mwenyewe au kupitia kwa mwingine, katika miezi 8 kabla ya uchaguzi mkuu, hupoteza haki ya kugombea. Kwa uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, hesabu hiyo inaangukia tarehe 10 Desemba 2026.

Utata umo katika kifungu hicho hicho, kwani harambee ya kumchangia mgombea au chama cha siasa imeruhusiwa. Kwa hiyo, anayewania mojawapo ya wadi 45 za Kisii au 20 za Nyamira anaweza kuchangiwa fedha za kampeni hadharani, lakini akichangia paa la kanisa au karo ya yatima katika harambee, yumo hatarini. Kwa wanakijiji, tendo la pili ndilo la uungwana. Kwa sheria, ndilo linaloweza kumwondoa kinyang'anyironi.

Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ya 2013 inaongeza masharti, likiwemo kwamba mchango wa mfadhili mmoja usizidi asilimia 20 ya michango yote. Lakini utekelezaji wake uliahirishwa kabla ya uchaguzi wa 2017, na kanuni za viwango vya matumizi zilizotolewa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka zilikataliwa na Bunge la Kitaifa mwaka 2021. Ushauri uliofaa uchaguzi mmoja, basi, huenda usifae mwingine.

Msaada wa kisheria hutafutwa kabla ya fedha kutolewa. Mwaniaji humwendea wakili, au ofisi ya Tume katika kaunti, akiwa na maswali yaliyoandikwa: mchango ni wa nani, wa nini, na siku gani? Kuchelewa kuna gharama. Kesi ya kupinga ushindi wa mwakilishi wadi hufunguliwa ndani ya siku 28, kwa dhamana ya shilingi 100,000.

Hapa ndipo penye kazi ya wanafunzi wa Kiswahili. Katiba, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kufasiri vifungu hivi kwa usahihi, na kutenganisha "mchango", "zawadi", "hongo" na "harambee", kutamwezesha mwaniaji wa Ekerenyo au Bobasi kumwuliza wakili swali linalostahili, na mpiga kura kujua anachopokea.