Masisi na Walikale: Tiyo ya moshi ya gari si kazi ya kujifunzia ovyo

Barabara ya kutoka Sake kupita Masisi-centre na Nyabiondo mpaka Walikale haihurumii gari. Mawe na mashimo yanagonga chini, na tiyo ya moshi inaumia kati ya vitu vya kwanza. Kutafuta mpya Goma ni gharama, njo maana garaji zetu zinatengeneza yao kwa vyuma vilivyopo. Mara nyingi kazi hiyo anapewa kijana anayeanza usudere, kwa kuwa watu wanafikiri ni ya moshi tu: akikosea, gari litapiga kelele, basi.

Lakini kelele njo shida ndogo. Moshi wa motere unabeba gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inachukua nafasi ya hewa safi, na mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anatapika, anasinzia. Akiendelea kuivuta anaweza kufa usingizini. Motere ya esanse inatoa gesi hiyo kwa wingi kuliko ya mazutu, lakini moshi wa mazutu nao si salama: mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliuweka kwenye orodha ya vitu vinavyoleta kansa.

Huku kwetu juu kuna baridi na mvua, na wasafiri wa nyuma ya lori wanajifunika turubai. Tiyo ikivuja chini yao, moshi unajaa humo ndani. Kwa hiyo tiyo nzuri si ile yenye sauti tamu. Ni ile isiyovuja, na inayotoa moshi nje kabisa ya bodi.

Kuchagua chuma

Tiyo yenye unene wa milimita 1.5 mpaka 2 inafaa. Upana wake usipungue ule wa tiyo ya zamani, maana moshi ukibanwa, motere inakosa nguvu na kula mafuta.

Epuka tiyo za maji zenye rangi ya fedha. Zimepakwa zinki, na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe. Ukiuvuta, baada ya saa chache unapata homa na kutetemeka kama mwenye malaria. Masudere wengi wanakunywa maziwa wakiamini yanaosha kifua. Maziwa ya Masisi ni matamu, lakini yanaenda tumboni, hayaendi kwenye mapafu. Dawa ni kuacha chuma hicho na kufanya kazi mahali penye upepo.

Usikate pia pipa au bido la chuma lililobeba mafuta ili kutengeneza silensie. Hata likionekana tupu, mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Kukunja na kutoboa

Asiye na mashine ya kukunja anajaza tiyo mchanga, anaziba ncha, anaipasha moto na kuikunja polepole. Mchanga huo ukaushwe kwanza juu ya moto. Ukiwa na maji, mvuke unaweza kurusha kizibo kama risasi. Njia nyingine ni kukata vipande vya mshazari na kuviunga.

Ndani ya silensie kunapita tiyo yenye matundu. Kwa tiyo ya milimita 50, matundu ya milimita 8 yasipungue 40, ili moshi upate njia ya kutosha.

Kuchomelea

Usichomelee tiyo ikiwa bado kwenye gari kama unaweza kuitoa. Kama haiwezekani, toa waya wa betri, funga waya wa masi karibu na pale unapochoma, na uondoe bido zote za mafuta.

Toli nyembamba inatoboka haraka. Tumia bageti ya milimita 2, na uanze na ampere kati ya 40 na 60. Jaribu kwanza kwenye kipande cha chuma kilekile. Safisha kutu, kutanisha ncha bila kuacha nafasi, kisha piga pointi nne kuzunguka tiyo. Choma kipande kifupi, hamia upande wa pili, acha chuma kipoe. Ukimaliza, gonga ile ngozi ya juu uitoe, maana chini yake njo matundu yanajificha.

Vaa maski yenye kioo namba 10 au 11. Lineti za jua hazitoshi: usiku macho yatauma kama yana mchanga.

Kufunga na kupima

Motere inatikisika, kwa hiyo tiyo iliyofungwa chuma kwa chuma itakatika. Ining'inize kwa mpira uliokatwa kwenye pine ya zamani, mbali na tangi ya mafuta na nyaya. Mdomo wake upite ukingo wa bodi, usiishie chini ya wasafiri.

Halafu pima, nje ya garaji. Washa motere ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, na mwenzako azibe mdomo wa tiyo kwa kitambaa chenye maji kwa sekunde chache. Povu likitokea, kuna tundu. Zima, choma tena, pima tena. Gari lisitoke mpaka povu liishe.

Na wewe msafiri: mkianza kuumwa kichwa watu wengi kwa pamoja, au mtoto akilegea na kusinzia kupita kawaida, gonga bodi shofere asimame. Fungueni turubai, wote washuke wapate hewa, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kungoja.