Pikipiki ya CC 150 Mafia: Hesabu Siku za Bamvua Kwanza

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa Miburani, Wilaya ya Mafia, ambaye amekuwa akitumia pikipiki ya CC 100 kukusanya pweza na nazi vijijini, na sasa anataka kuiuza ili anunue ya CC 150, anafanya uamuzi wa mtaji. Fedha atakayoongeza juu ya bei ya pikipiki yake ya zamani ndiyo ile ile anayonunulia mzigo alfajiri. Ikiishia kwenye chombo, na chombo kisipoirudisha upesi, atakuwa na pikipiki nzuri mlangoni na hana cha kupakia.

Suala hili linawagusa wengi zaidi kuliko ilivyokuwa zamani. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 46,438 katika Wilaya ya Mafia. Ile ya mwaka 2022 ikapata zaidi ya 66,000. Walaji wameongezeka, na bidhaa za dukani zinazovuka kutoka Nyamisati zimeongezeka. Kisiwani humo mzigo mdogo haupandi lori, unapanda pikipiki.

Kwanza tuliweke sawa jambo la CC, maana ndilo linalouza pikipiki madukani. CC ni ujazo wa silinda tu. Injini ya CC 100 ya aina ya Boxer hutoa takriban nguvu za farasi 8, na ile ya CC 150 takriban 12. Mnunuzi husikia tofauti hiyo akafikiria mwendo. Kwa Mafia mwendo hauna kazi kubwa. Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 60 kwa urefu, na lami iliyopo kati ya Kilindoni na Utende ni takriban kilomita 14. Anachokinunua mfanyabiashara kwenye CC 150 ni uwezo wa kuvuta mzigo kwa mzunguko mdogo wa injini, kwenye mchanga, bila kuunguza klachi. Kama hana mzigo wa kuvuta, amenunua kitu asichokitumia.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Takwimu zifuatazo ni za kielelezo, na msomaji aziondoe aweke bei za siku yake. Mfanyabiashara anauza CC 100 yake kwa shilingi 1,200,000. CC 150 mpya ni shilingi 3,000,000. Anaongeza shilingi 1,800,000.

Pikipiki ndogo ilikuwa ikimbebea kilo 60 za pweza kwa siku hadi Kilindoni. Kubwa itabeba kilo 90. Kila kilo inamwachia shilingi 200 baada ya gharama za ununuzi. Kilo 30 za ziada ni shilingi 6,000. Anazunguka kilomita 60 kwa siku. Ndogo inakula lita moja kwa kilomita 50, kubwa lita moja kwa kilomita 40, yaani lita 1.2 dhidi ya lita 1.5. Kwa petroli ya shilingi 3,200, tofauti ni shilingi 960. Atenge shilingi 1,000 nyingine kila siku ya kazi, kwa kuwa cheni, tairi na vipuri vya pikipiki kubwa ni ghali zaidi. Zinabaki shilingi 4,040.

Gawanya shilingi 1,800,000 kwa 4,040. Jibu ni siku 446 za kazi. Kwa anayefanya kazi siku 24 kwa mwezi, fedha yake inarudi katika miezi 19 hivi. Si vibaya kwa chombo kinachotunzwa.

Hapo ndipo wengi wanapofunga daftari, na hapo ndipo makosa yanapoanza. Pweza hawapatikani siku 24 kwa mwezi. Wanawake na vijana wanaochokoa miamba wanafuata bamvua, maji yanapokupwa sana na miamba kuonekana. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Tukiipa kila bamvua siku 6 za kazi nzuri, ni siku 12 kwa mwezi. Wakati wa maji mafu mzigo unashuka, na pikipiki ya CC 150 inabeba kilo zile zile ambazo ya CC 100 ingebeba, huku ikila mafuta zaidi. Siku 446 zikigawanywa kwa 12 ni miezi 37. Miaka mitatu na ushei! Katika muda huo, kwenye hewa ya chumvi na barabara ya mchanga, pikipiki hiyo itakuwa imekwisha kubadilishwa pistoni na ringi, na bei yake ya kuuzia imeanguka.

Tena kuna vijiji vya pwani, baadhi yake huko Pemba, ambavyo vimekuwa vikifunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Wavuvi hufaidika miamba inapofunguliwa. Mchuuzi aliyekopa kununulia pikipiki, endapo kijiji anachotegemea kitafanya hivyo, atalipa marejesho ya mkopo wakati hana mzigo hata wa kilo 10.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mnunuzi ajiulize ni hili: katika siku 30 zilizopita, ni siku ngapi alizoacha mzigo nyuma kwa sababu pikipiki ilijaa? Aandike daftarini kwa miezi miwili, bamvua na maji mafu. Kama siku hizo ni 15 au zaidi, au kama ana nazi na mbata za kuziba siku za maji mafu, anunue CC 150. Kama ni 5 au 6, asubiri.

Hatua ya katikati

Wengi hujibu kwamba basi wanunue CC 125, wasije wakazidisha. Jibu hilo linaonekana la busara lakini hesabu hailikubali. Tuseme CC 125 mpya ni shilingi 2,600,000. Mwenye CC 100 anaongeza shilingi 1,400,000. Inambebea kilo 75, yaani kilo 15 za ziada, shilingi 3,000. Ondoa mafuta ya ziada, takriban shilingi 430, na shilingi 500 za vipuri. Zinabaki shilingi 2,070 hivi. Itamchukua siku 676 za kazi kurudisha fedha yake, wakati CC 150 ilichukua 446.

Sababu yake ni rahisi. Bei ya pikipiki mpya haipungui kwa kiasi kile kile ambacho uwezo wake unapungua. Fremu, magurudumu, taa, usajili na nauli ya kuvusha bahari vinalipiwa karibu sawa. Anayeanza hana budi kuifikiria CC 125, na anayepakia abiria itamfaa. Lakini kwa anayetoka CC 100 kwa ajili ya mizigo, maoni ya ukurasa huu ni kwamba aende moja kwa moja CC 150 au abaki alipo.

Na kubaki alipo si lazima kuwe kubaki vile vile. Shida ya CC 100 kwenye mchanga mara nyingi ni gia, wala injini haina kosa. Spoketi ya nyuma yenye meno 42 ikibadilishwa kwa ya meno 45, mvuto kwenye gurudumu unaongezeka kwa takriban asilimia 7, na mwendo wa juu unapungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Klachi inapumzika. Shokapu za nyuma zilizochoka zikibadilishwa pamoja na keria kuchomelewa upya, pikipiki inatulia. Gharama ya kazi hiyo haifiki hata robo ya ile shilingi 1,800,000. Tahadhari ni kwamba spoketi haiongezi nguvu ya fremu wala breki. Kilo zibaki zile zile.

Njia nyingine ambayo haisemwi sana ni kutoiuza ile ndogo, bali kuongeza nyingine ndogo iliyotumika na kumkabidhi dereva apakie abiria. Tuseme imenunuliwa shilingi 1,200,000, na dereva analeta hesabu ya shilingi 6,000 kwa siku. Ukitenga 1,500 za matengenezo zinabaki 4,500, na fedha inarudi kwa siku 267. Abiria hawafuati bamvua. Kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, wageni wanaofuata papa potwe huongeza safari kwenye lami ya Utende. Ugumu upo kwa dereva. Mwenye dereva mwaminifu wa ukoo wake aifikirie njia hii kabla ya CC 150. Asiye naye asijaribu.

Vipuri vinavuka bahari

Jina la pikipiki lichaguliwe kwa kuangalia rafu za duka la vipuri Kilindoni, si kwa kuangalia tangazo. Kipuri kisichokuwapo kisiwani kinatoka Dar es Salaam, kwa kawaida Kariakoo, kinateremka hadi Nyamisati, kisha kinangoja chombo cha kuvuka. Kusi ikivuma sana, kinangoja zaidi. Plagi ya shilingi elfu chache inaweza kulaza pikipiki ya shilingi milioni 3 wakati bamvua inapita, na siku 6 zikipita ni nusu ya mapato ya mwezi.

Hapa kuna historia kidogo yenye faida. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki ya CG125, ambayo valvu zake zinasukumwa na vijiti badala ya kuendeshwa kwa cheni ya ndani ya injini. Ilikusudiwa nchi ambazo matengenezo hayafanywi kwa wakati. Injini hiyo ilikuja kuigwa na viwanda vingi vya Uchina, na ndiyo asili ya injini za pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Afrika Mashariki. Ndiyo maana vipuri vyake ni rahisi na fundi wa kijijini anaijua kwa kupapasa. Lakini si kila pistoni inaingia kila silinda, kwa hiyo mnunuzi apeleke kile kilichoharibika kikapimwe kabla ya kulipa. Upande wa India, Boxer ya Bajaj na HLX ya TVS zimejijengea soko kubwa Tanzania, na jambo hilo peke yake ni sifa, maana chombo kinachotumiwa na wengi kinapata vipuri na kinapata mnunuzi siku ya kukiuza.

Zile pikipiki ndefu za njia mbovu, mfano Yamaha DT au Honda XL walizokuwa wakitumia mabwana shamba na miradi, ni vyombo imara. Zinapendeza macho. Lakini kiti ni cha juu, mzigo unakaa juu, na vipuri vyake havina bei ya mchuuzi. Pikipiki za umeme nazo zinafaa penye vituo vya kubadilishia betri kama ilivyo Kigali. Mfanyabiashara wa Miburani asiwe wa kwanza kujaribu kwa fedha yake.

Barabara ya kaskazini, kutoka Kilindoni kwenda Kirongwe, Bweni na Rasi Mkumbi, ni takriban kilomita 55, na kwa miaka mingi imekuwa ya udongo na mchanga. Anayefuata mzigo huko kila siku ndiye hasa CC 150 ilitengenezwa kwa ajili yake. Anayezunguka kati ya Kilindoni na Utende tu hana sababu hiyo.

Leseni na kadi

Liko jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Leseni ya udereva ya daraja A1 ni ya pikipiki yenye injini chini ya CC 125. Zinazoitwa 125 kwa kawaida zina ujazo wa 124 na kitu, hivyo zinaingia humo. Inayozidi CC 125 inahitaji daraja A. Mtu aliyejifunza na kupata leseni kwa pikipiki ndogo, akipanda CC 150 bila kubadili daraja, anaendesha bila leseni inayostahili, na akipata ajali bima inaweza kuleta mgogoro. Atazame leseni yake kabla ya kutafuta mteja wa ile ndogo. Gharama ya mafunzo na ya leseni iingie kwenye ile shilingi 1,800,000. Kwa upande mwingine, ada ya mwaka ya leseni ya chombo ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017 na badala yake ushuru ukaongezwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayekunywa petroli zaidi ndiye anayelipa zaidi.

Kwa CC 150 iliyotumika, hesabu inabadilika sana. Ikipatikana kwa shilingi 2,200,000, nyongeza ni shilingi 1,000,000, na kwa shilingi 4,040 kwa siku fedha inarudi baada ya siku 248. Hata kwa mwenye siku 12 za mzigo kwa mwezi, ni miezi 21. Anunue akiwa na fundi wake, si wa muuzaji. Injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka ni dalili ya ringi kuchoka. Namba ya injini na ya chesisi zilingane na zilizo kwenye kadi, na jina la kwenye kadi liwe la mtu anayepokea fedha. Pikipiki nyingi za bodaboda hutembea kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo, na dereva aliyebakiza miezi miwili hana haki ya kuiuza hata kama ameishika mwaka mzima. Mwenye kadi aitwe, malipo yafanyike mbele yake kwa maandishi, na uhamisho wa umiliki ukamilishwe TRA kabla bamvua inayofuata haijaanza.