Ishara Tofauti au Ishara ya Tofauti? A-unganifu katika Istilahi za Saketi za Kasi, kwa Mfano wa Ngalawa za Moa

Ikisiri
Makala haya yanajadili namna Kiswahili kinavyoweza kutaja usafirishaji wa ishara kwa jozi za njia za shaba katika bodi za vifaa vya kielektroniki vya kasi kubwa. Hoja yake ni kwamba tatizo la tafsiri za haraka katika uwanja huu si uhaba wa msamiati bali ni kuachwa kwa a-unganifu, na kwamba kuachwa huko hubadili fizikia inayoelezwa. Mfano wa kufafanulia umechukuliwa katika ngalawa za Moa, mkoani Tanga.

Jozi ndani ya waya mmoja
Moa ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Mkinga, kaskazini mwa jiji la Tanga, karibu na mpaka wa Kenya. Simu zinazotumika huko ni zilezile za kwingineko, na waya kamili wa USB 2.0 unaotumika kuzichaji na kuhamishia picha una nyaya nne: mbili za umeme na mbili za data. Hizi mbili za data husokotwa pamoja. Ndani ya simu huendelea zikiwa njia mbili nyembamba za shaba zilizolazwa sambamba juu ya bodi. Volteji ya njia moja inapopanda, ya nyingine hushuka. Kipokezi hakisomi njia yoyote kati ya hizo peke yake. Husoma kinachopatikana volteji ya moja inapotolewa katika volteji ya nyingine. Usumbufu wa umeme unaotoka nje huzigusa njia zote mbili karibu kwa kiasi kimoja, kwa kuwa zimekaribiana, na tendo hilo la kutoa huufuta.

Wazo hili limeitangulia kompyuta kwa miaka mingi. Kebo ya telegrafu iliyoiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879 ilipeleka ishara kwa waya mmoja, na bahari yenyewe ikawa njia ya kuurudisha umeme. Miaka 2 baadaye, mwaka 1881, Alexander Graham Bell alipewa hataza ya nyaya mbili zilizosokotwa kwa ajili ya simu.

Kinachopotea bila a-unganifu
Kivumishi ambacho wahandisi hukitumia, diferensheli, kina asili katika hisabati ya kutoa. Mfasiri mwenye haraka huandika ‘ishara tofauti’. Katika Kiswahili, neno tofauti likifuata nomino bila a-unganifu huwa kivumishi, na maana yake ni kutofanana au kuwa mbalimbali, kama katika ‘watu tofauti’ na ‘siku tofauti’. Kwa hiyo ‘njia tofauti’ ni njia zisizofanana. Fundi anayesanifu bodi kwa kufuata maana hiyo ataharibu kazi, kwa sababu njia za jozi hutakiwa kufanana kwa urefu, kwa upana na kwa mazingira yanayozizunguka.

Madhara ya kutofanana hupimika. Katika bodi za kawaida za nyuzi za kioo na gundi, ishara husafiri takriban sentimeta 15 kwa nanosekunde 1. Njia moja ikiizidi nyenzake kwa milimeta 5, ishara yake huchelewa kwa pikosekunde 33 hivi. Kwa USB 2.0, yenye kasi ya megabiti 480 kwa sekunde, kila biti huchukua nanosekunde 2 na ushei, na ucheleweshaji huo hauna athari kubwa. Kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde biti huchukua pikosekunde 100 tu. Hapo theluthi nzima ya biti huwa imepotea kwa kosa lisilofika upana wa ukucha.

‘Ishara ya tofauti’ husema jambo jingine kabisa. A-unganifu huirudisha tofauti katika unomino wake, na nomino hiyo mtoto wa shule ya msingi wa Moa anaifahamu kutoka somo la hisabati: tofauti ya 9 na 4 ni 5. Elimu ya msingi katika shule za serikali Tanzania Bara hutolewa kwa Kiswahili, na ya sekondari kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyo basi huvuka na dhana anayoihitaji mkononi, kisha hufundishwa upya kama kwamba hajawahi kuiona. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote. Mlango huo hautapitika kwa istilahi zinazomwambia msomaji kinyume cha jambo.

Pendekezo la ‘ishara tofautishi’ halifai pia. Mnyambuliko huo humaanisha kitu kinachotofautisha vingine, ilhali ishara hii haitofautishi chochote. Yenyewe ndiyo tofauti.

Ngalawa na matengo yake
Ngalawa ya Moa, kama nyingine za pwani hii, ina matengo pande zote mbili, yaani miti ya pembeni yenye mbao za kuelea kwenye ncha zake. Maji yakijaa, pande zote huinuka pamoja na baharia hahisi kulala kwa chombo. Chombo hulala pale tu upande mmoja unapopanda kuliko mwingine. Kipokezi cha jozi ni mithili ya mtu aliyemo ngalawani akiwa amefumba macho: hajui maji yamejaa kiasi gani, anajua tu chombo kimelala upande gani. Kupwa na kujaa ndiyo usumbufu wa pamoja. Kulala ndiyo ishara.

Mfano huu unafika mbali kuliko unavyotarajiwa. Tengo la upande mmoja likiwa refu kuliko la pili, wimbi linaloinua pande zote kwa nguvu moja litakilaza chombo. Vivyo hivyo, njia za jozi zisipolingana, usumbufu uliozigusa sawasawa hugeuka kuwa tofauti, na kipokezi huusoma kana kwamba ni ujumbe.

Jozi, pacha na uzima
Neno pacha huvutia, lakini hudokeza kufanana kwa kila hali. Jozi ni bora: viatu vya jozi moja vinalingana na bado vinaelekeana kinyume. Wanaisimu wana sababu ya ziada ya kulipenda. Katika jozi mlinganuo finyu, kama pata na bata, kinachomjulisha mwanafonolojia si neno hili wala lile bali ni kile kinachoyatenga.

Kwa dhana ya ishara kufika bila kuharibika, tafsiri ya neno kwa neno huleta ‘uadilifu wa ishara’. Ni kweli kwamba shina la Kiarabu la neno hili hubeba pia maana ya usawa wa pande mbili, hata shehena mbili zinazolingana ubavuni mwa ngamia. Mzungumzaji wa Kiswahili, hata hivyo, husikia maadili ya hakimu na kiongozi. ‘Uzima wa ishara’ una nguvu zaidi, kwa kuwa mzima ni asiyeugua na pia asiyemeguka. Impidensi ikopwe ilivyo: kuiita ukinzani kutawafanya wasomaji wadhani kwamba omu 90 za jozi ya USB hupimika kwa kuugusisha mwanzo na mwisho wa njia kwa kipimo cha fundi, na hazipimiki hivyo.

Limebaki suala la idadi. Ishara ni nomino ya ngeli ya 9/10, isiyobadilika umbo katika umoja na wingi. ‘Ishara tofauti’ haisemi kama ni moja au nyingi, na msomaji akiona njia mbili atahesabu ishara mbili. A-unganifu humzuia: jozi moja, kwa njia zake mbili, hubeba ishara ya tofauti, bodi yenye jozi 20 hubeba ishara za tofauti 20.