Nyumba ni Yako, Ardhi ni ya Nani?

Mwembe Tayari wengi wanamiliki nyumba bila ardhi: kuta zako, lakini kila mwezi unamlipa mwenye ploti kodi ya ardhi. Ukitaka kuinunua ardhi yenyewe, usikimbilie kutuma pesa.

Kwanza, chukua namba ya ploti, uombe ukaguzi rasmi wa rekodi kwenye afisi ya ardhi. Utaona jina la mwenyewe, na kama ardhi ina mkopo. Ada hiyo lipa Paybill 222222 ya serikali, si namba ya mtu.

Ikiwa ni ya wakfu, kwa kawaida haiuzwi. Ikiuzwa, mkataba uandikwe na wakili, na ukumbuke ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini.

Tunakushauri uhifadhi kila ujumbe wa malipo. Lakini risiti za kodi, hata za miaka 30, si hati ya ardhi.