Kifurushi Kilichopasuka Njiani

Barabara itokayo Kitale hupita Kiminini na Kamukuywa hata Webuye, kisha hugeuka magharibi kwenda Bungoma. Mabasi na matatu yapitayo humo huchukua abiria pamoja na vifurushi: mbegu za mahindi, dawa za mifugo, simu, hata trei za mayai.

Kazi hiyo ni ya mbio. Gari lisimamapo, utingo hushusha mizigo huku dereva akipiga honi, kwa kuwa wakikawia abiria watachukuliwa na gari jingine. Ndipo mzigo mzito hutupwa juu ya mwepesi, na sanduku likapasuka.

Hapo mtu hujaribiwa kuugeuza chini upande uliopasuka, akanyamaza. Lakini kufanya hivyo ni kumtwika lawama karani wa mwisho, asiyejua hasara ilitokea wapi.

Umoja wa Posta wa Dunia, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, una kanuni njema: ofisi ionayo hasara hupima uzito wa kifurushi, huandika hali yake, kisha hukifunga upya, nayo karatasi ya awali haitupwi. Utingo hana mizani, lakini aweza kuandika maneno machache katika stakabadhi mbele ya shahidi, na kumwarifu mpelekaji upesi.

Naye apokeaye auangalie mzigo wake mbele ya karani kabla ya kutia sahihi. Dakika mbili zilizotumiwa hivyo hazikupotea. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.