Warfarini na Mboga za Meru
Mchicha na mnafu wa miteremko ya Mlima Meru, unaojaza Soko Kuu la Arusha, una vitamini K, ambayo warfarini huizuia isigandishe damu. Wapo wagonjwa wanaoambiwa waache mboga kabisa. Si lazima: wale kiasi kilekile kila wiki, na dozi ifuate kipimo cha INR, ambacho kwa wengi hutakiwa kuwa 2 hadi 3.

Hatari kubwa zaidi huja na dawa nyingine. Metronidazoli, inayonunuliwa ovyo kwa kuhara, huzidisha nguvu ya warfarini. Diklofenaki huweza kutokeza damu tumboni. Ikichomwa msulini, damu huweza kuvujia ndani ya nyama. Anayelazwa hospitalini, hata kwa mguu uliovunjika, ataje warfarini kabla ya sindano ya kwanza. Muuguzi naye amwulize hata asipotaja.